Kapunda kako kanacheza sana? Kafundishe sasa hivi kabla hakajawa punda

Kama una punda jike na amezaa, halafu mtoto amefikisha wiki tatu nne hivi na ameanza vituko, anakurukia, anang'ata shati, anazunguka uwanja mzima mbio mkia juu halafu anakuja kukusimamia mbele ya pua kama anakuuliza sasa utafanya nini, basi nimekuandikia wewe. Niko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huku wageni wanakokuja kuangalia tembe la Livingstone. Mimi sio daktari wa mifugo, ni mtu wa madumu ya maji na kuni tu, nina punda wanne na watatu kati yao wamezaliwa hapahapa kwangu, nimewafundisha mwenyewe na nimekosea sana humo katikati.

Kabla hatujaanza, najua kuna atakayeuliza mbona sio farasi. Vijana siku hizi wanaangalia video kwenye simu, mtu anapiga mluzi farasi anakuja mbio, anatoa mguu akiombwa, wanasema kaka na sisi tungekua na farasi tungefanya hivyo. Ndugu yangu, farasi kwenye pori la miombo hadumu, mbung'o hawamwachi. Hata Stanley alipotoka pwani 1871 kuja kumtafuta Livingstone alikua na farasi wawili, wote wakafa mapema njiani, Tabora hawakuiona, na mmoja alipopasuliwa tumbo lilikutwa na minyoo, kwa hiyo mbung'o sio tatizo peke yake. Punda naye mbung'o wanamsumbua usidanganyike, ila anavumilia zaidi. Na mengi unayoyaona kwenye hizo video punda anayaweza kabisa. Tofauti kubwa ni moja tu, farasi akiogopa anakimbia, punda akiogopa anasimama. Shika hiyo maana nitairudia, karibu kila fimbo inayopigwa barabarani huku inapigwa kwa sababu mtu hajui hilo.

Sasa nikupe kisa cha Disko.

Disko ni dume, mama yake ni punda wangu wa kwanza. Alizaliwa mwezi wa tano mvua zimeshakatika, nyasi bado zipo, maziwa ya kutosha, kakakua kwa kasi na akili nyingi. Jina alipewa na watoto kwa sababu ya alivyokua anaruka asubuhi akitolewa zizini, miguu minne yote hewani, anatikisa kichwa, anajamba, anakimbia tena. Akiwa na mwezi mmoja akawa na mchezo wake, anasimama kwa miguu ya nyuma anakuwekea ya mbele mabegani, kama mtu anayekusalimia baada ya miaka mingi. Mtaa mzima ulikua unakuja kuangalia. Mimi mwenyewe nilikua nampigia makofi kifuani ili asimame, akisimama nampa ganda la embe au kipande cha kiazi. Tulicheka miezi na miezi.

Mwaka uliofuata, Disko akiwa na mwaka na kidogo hivi, mama mkubwa alikuja kukaa kwetu. Siku hiyo alikua ameinama anageuza matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kwenye mkeka, amempa mgongo. Dogo akaja taratibu kabisa, wala hakua na hasira, masikio mbele, akamsalimia. Kwa uzito ule. Mama mkubwa akaenda chini na matobolwa yote, mkono ukavimba wiki mbili. Mimi nikachukua fimbo, nimeipandisha juu, mama mkubwa akiwa bado amekaa chini anajifuta vumbi akaniambia, "Iweke hiyo fimbo mwanangu. Huyu hana kosa. Nani alimfundisha kukumbatia watu?"

Sikua na jibu. Na ilinichukua miezi karibu minne kumwachisha kitu nilichomfundisha kwa wiki moja.

Kwa hiyo kipimo changu siku hizi kwa kila mchezo wa mtoto wa punda ni hiki, najiuliza hiki anachonifanyia sasa hivi akiwa na kilo 20 au 30, akija kunifanyia akiwa na kilo 150 nitacheka? Kama sitacheka basi hata leo sicheki. Punda wetu wengi akishakua mzima yuko kwenye kilo 130 mpaka 160 hivi, sio mnyama mkubwa, ila akikupanda mgongoni utajua.

Haya tuanze. Siku za mwanzo kabisa usifanye lolote zaidi ya kuhakikisha ananyonya, yale maziwa ya kwanza mazito ayapate ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa, kitovu kipakwe iodini, basi, ondoka. Mama punda wengine wana wivu na wana haki. Baada ya siku mbili tatu ndio unaanza kazi, na kazi yenyewe unaanzia kwa mama. Mkune mama. Mtoto anaangalia. Yaani usimfuate mtoto kabisa, wewe simama pale unamkuna mama shingoni, unaongea naye maneno yoyote, mtoto atakuja mwenyewe kunusa kisigino. Usigeuke. Akinusa siku tatu bila kitu kibaya kutokea, siku ya nne atakuja mbele.

Hapo sasa ndio kuna siri ambayo watu wengi hawaijui, wanakimbilia kumshika mtoto kichwani kama mbuzi. Kichwa mwachie. Masikio mwachie kabisa. Sehemu ya kuanzia ni pale shingo inapokutana na mgongo, chini ya yale manyoya ya shingoni yaliyosimama, hapo ndipo punda wenyewe kwa wenyewe wanapokunana kwa meno wakiwa marafiki. Weka vidole, kuna kwa kucha, sio kupapasa, kuna kweli kama unatoa kupe. Angalia mdomo wake. Ukipata mahali penyewe mdomo wa juu unaanza kurefuka, unatikisika, unapinda upande kama mtu anayetaka kupiga chafya na haiji, macho yanalegea, shingo inashuka. Ukiona hivyo ujue umefika. Wakati mwingine atageuza kichwa aanze kukukuna na wewe kwa meno, huo ni upendo lakini meno ni meno, msogeze pua taratibu kwa mgongo wa mkono huku ukiendelea kumkuna, ataelewa kwamba mkuno unaendelea tu pua ikiwa kule.

Dakika tano asubuhi dakika tano jioni zinatosha. Mtoto wa punda akili yake inachoka haraka, ukimng'ang'ania nusu saa unafundisha uchovu tu. Na ondoka wewe kwanza kabla yeye hajaondoka, aachwe bado anataka. Kila siku ongeza sehemu, leo mgongo, kesho tumbo, keshokutwa mapaja, mpaka mkono wako unapita popote na yeye anaendelea kutafuna. Masikio na ndani ya miguu ya nyuma vije mwisho.

Suala la kung'ata. Madume hasa. Dume dogo anacheza na wenzake kwa kung'atana shingo na magoti, kusukumana, kupandana, hiyo ndio shule yao na hakuna ubaya, ubaya ni akikuona wewe ndio mwenzake. Na anakuona hivyo kwa sababu hana mwenzake! Kapunda kaliko peke yake na mama yake aliyechoka na kazi kutwa katacheza na nani? Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtafutie wa kucheza naye. Punda mwingine wa umri wake ndio bora, kama jirani ana mtoto wapelekeni malishoni pamoja, na punda mzima mwenye heshima zake ni mwalimu kuliko mimi na wewe, dogo akizidisha anapewa teke dogo au anaonyeshwa masikio yamelala nyuma, anajifunza siku hiyohiyo. Mbuzi wanasaidia kidogo ila hawawezi ile michezo ya kukwidana. Mimi pia naweka tairi la gari lililokwisha katikati ya uwanja na dumu tupu la lita 20 lenye kokoto mbili tatu ndani. Mwanzoni atalikimbia lile dumu, baada ya saa moja atakua analibeba kwa meno analipiga chini usiku kucha, majirani niwieni radhi. Faida yake utaiona baadaye siku ya kumbebesha madumu ya kweli, atakua ameshalizoea lile goma.

Akikung'ata wewe, usimpige usoni. Ukimpiga usoni anajifunza mambo mawili, kwanza kwamba mkono ukija usoni ni hatari na hapo kumvalisha kamba itakua vita, pili kwamba huo ni mchezo mzuri kweli, anang'ata wewe unapiga anakwepa, anang'ata tena. Madume wanaupenda mno huo mchezo. Fanya hivi, toa sauti moja kali fupi, "we!", jitanue uonekane mkubwa, mpigie hatua mbili kumfuata mpaka arudi nyuma, halafu mara moja tulia kama hakuna kilichotokea. Usimwonee kinyongo. Na kama anaendelea, ondoka uwanjani, mkuno umekwisha kwa leo. Halafu acheni kulisha mkononi. Najua ni raha, ganda la embe mwezi wa kumi na mbili embe zimejaa kila mahali huku Tabora kila mtoto anataka kumlisha, ila mkono unaotoa chakula ndio mkono utakaong'atwa siku hauna kitu. Tupia chini au weka kwenye beseni.

Kukurukia nimeshasema. Ukimwona anajiandaa, uzito unarudi miguu ya nyuma na kichwa kinapanda, usirudi nyuma ukampisha maana ukirudi amekushinda, pinda pembeni kidogo halafu mfuate umsogeze. Watoto wa nyumbani ndio wagumu kuelewa kuliko punda, waite wote waambie sheria ni moja, anayempigia makofi kifuani ili amrukie, kesho atachota maji mwenyewe kwa kichwa.

Sasa kamba. Kuanzia miezi miwili mitatu anaweza kuanza kuvaa kamba ya kichwani, tengeneza ya pamba au mkonge uliolainika, usitumie ile ya nailoni nyembamba inakata. Vidole viwili vipite kati ya kamba na pua. Na usimwache nayo siku nzima, anakua haraka na kamba haikui, nimeona punda wana kovu la pua kwa sababu kamba iliingia kwenye nyama na mwenyewe wala hana habari.

Sikiliza vizuri hapa kwa sababu ndio moyo wa mafunzo yote. Punda hajifunzi ukivuta. Anajifunza ukiachia. Mtu anachukua kamba anavuta, punda anakaza, mtu anavuta zaidi, punda anakaza zaidi, mwisho mtu anachoka anaachia, tayari punda amejifunza kwamba ukikaza vizuri binadamu anaachia. Wewe mwenyewe umemfundisha! Badala yake simama ubavuni kwake sio mbele, mbele unamziba. Kaza kamba kidogo tu, kwa uzito wa kama kikombe cha chai, halafu subiri. Usiongeze. Hesabu mpaka ishirini, thelathini, angalia bega lake. Kabla hajapiga hatua uzito wake unahamia mbele, unaona kabisa bega linaegemea. Hapohapo legeza kamba yote. Hata kama mguu haujanyanyuka. Mkune. Anza tena. Mara ya tatu ya nne atapiga hatua moja, legeza, mkune, siku hiyo malizeni. Ukifanya hivi wiki mbili utakua unamwongoza kwa vidole viwili, na utamwongoza hivyohivyo mpaka uzeeni kwake.

Babu mmoja hapa jirani, mfugaji wa siku nyingi sana, ndio alinionyesha hili. Nilikua navutana na Disko kwenye njia ya kisimani, jasho linanitoka, babu akapita na baiskeli akashuka. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba, akachukua kamba mkononi kwangu bila kuomba. Akasimama tu. Nikadhani amesahau anachotaka kufanya. Amesimama, kamba imekaa mkononi haijalegea haijakaza, anaangalia barabara huko anaongelea mambo ya mvua na bei ya karanga, mara Disko akapumua pumzi moja ndefu, akalamba midomo, akapiga hatua. Babu akalegeza kamba akanirudishia, akasema mnyama wako alikua anafikiria wewe ukawa unampigia kelele.

Hiyo ndio ile niliyosema mwanzo, punda akiogopa au asipoelewa anasimama. Sio ubishi. Watu wanamwita mbishi kwa sababu hawana muda. Amesimama anapiga hesabu kile kitu ni nini, kinauma au hakiumi, ukimpiga wakati anapiga hesabu jibu anapata kwamba kinauma. Methali zetu zenyewe zimemwonea punda sana, shukrani ya punda mateke, punda afe mzigo ufike, sijui nani alizitunga ila nahisi alikua na haraka.

Kumfunga. Kapunda usikafunge ukakaacha, kamwe. Akivuta kwa woga wakati amefungwa kwenye mti ambao hausogei anaweza kuumia shingo vibaya na asipone. Kwanza ajue kulegea akisikia kamba inakaza, yale mafunzo ya juu, ndio ufunge, na ukifunga chukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli fungia kwenye mti, kamba ifungwe kwenye mpira, akivuta mpira unanyooka unamrudisha pole pole. Fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Na wewe uwe pale.

Miguu ianze mapema, hata akiwa na mwezi mmoja. Telezesha mkono kutoka begani unashuka mpaka kwenye kifundo, rudi juu, bila kuinua chochote. Siku nyingine mkono ukifika chini minya kidogo, akinyanyua hata kwa nukta moja achia wewe kabla hajanyang'anya. Polepole unaongeza, sekunde mbili, tano, kumi. Usivutie mguu pembeni, unyanyukie chini ya mwili wake, punda hana nyonga za kuchanua. Kwa miguu ya nyuma simama karibu kabisa na mwili wake mkono mwingine uko kwenye paja, ukisimama mbali ndio teke linakupata likiwa na nguvu zote. Akizoea, toa matope na kokoto kwenye kwato kila siku kwa kijiti au bisibisi butu, na kila wiki sita mpaka kumi mtu anayejua apunguze kwato. Punda asiyeshikika miguu anaangushwa chini kwa kamba na watu wanne ili akatwe kwato, nimeona, haipendezi na ya pili atakimbia akiwaona tu watu wanne.

Kuachishwa kunyonya ni miezi sita, ikifika saba nane sio vibaya kama mama hajachoka. Usimtenganishe ghafla ukamuuza mama. Punda ni wa kushikamana, ukimtenga na mwenzake ghafla anaweza kugoma kula, na punda aliyegoma kula sio wa kumsubiria kesho, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, ini linachoka, anaweza kufa huku wewe unasema ana huzuni tu itapita. Siku nzima hajala, ita bwana mifugo. Mimi natenga kwa ukuta wa miti wanaonana na kunusana, wiki mbili tatu, na dogo ana rafiki upande wake.

Dume ambaye hutaki kuzalisha ahasiwe, kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu ndio wakati mzuri, na ahasiwe na daktari kwa sindano ya ganzi. Usikubali lile koleo la kuhasia ng'ombe, kwa punda sio kazi yake. Na kidonda kichunguzwe, maana ule ugonjwa wa pepopunda haukupewa jina hilo bure, punda na farasi wanaupata kirahisi sana na unaingilia kwenye kidonda, uliza kuhusu chanjo. Disko nilichelewa kumhasi, ile sarakasi ya kukumbatia ikaanza kuchanganyika na mambo mengine, sitaki kuandika hapa.

Barabara na mambo ya kutisha. Usisubiri awe na miaka mitatu ndio aone lori. Akiwa bado ananyonya anafuatana na mama kisimani, acha afuate, ila wewe tembea upande wa barabara yeye awe ndani. Bodaboda, turubai linalopigwa na upepo, mwavuli, mtu amebeba magodoro kichwani, vyote avione akiwa nyuma ya mama ambaye hajali. Maji ndio mtihani mkubwa, kidimbwi cha mvua cha upana wa mkeka anakisimamia kama ziwa Tanganyika, asili yake ni mnyama wa jangwani, hata manyoya yake hayazuii mvua vizuri, akilowa baridi inamwingia ndio maana anahitaji paa masika. Kwenye kidimbwi mtangulize mama, wewe simama, kamba legevu, mpe dakika zake. Ya kwanza dakika kumi, ya pili tatu, ya tatu ataruka kama swala atakurushia matope, hiyo ni ruhusa.

Mzigo sasa, maana najua hapa ndipo wengi mnataka kufika. Kabla ya miaka mitatu hapana, na mzigo kamili ni miaka minne kwenda juu, mifupa yake inachelewa kukomaa hata kama kwa nje ameshakua. Usidanganywe na muuzaji, fungua mdomo. Meno ya mbele ya kitoto ya katikati yanabadilika karibu miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Ukiona mawili makubwa katikati na vidogo pembeni huyo bado mtoto, muda wake wa kubebeshwa kokoto haujafika. Najua hali ni ngumu na dumu linahitajika leo, ila piga hesabu, mimba ya punda ni karibu miezi 12, mtoto mmoja, ukimvunja mgongo huyu unasubiri mwingine mpaka lini? Na punda wamepungua, ile biashara ya ngozi iliwamaliza sana mpaka serikali ikapiga marufuku kuwachinja mwaka 2022, na Umoja wa Afrika nao Februari 2024 ukapitisha marufuku ya miaka 15. Wezi hawajasoma tangazo, zizi lifungwe usiku.

Mzigo wa mgongoni usipite theluthi ya uzito wake, na kwa punda wetu hiyo ni madumu mawili ya lita 20, moja kila upande. Nikisema mawili simaanishi manne. Anza na gunia tupu, alinuse, mkune nalo mwili mzima, liweke mgongoni litoe, liweke litoe, upande wa kushoto kisha wa kulia maana kila upande kwake ni somo jipya. Siku nyingine gunia lililojazwa majani makavu ya karanga ndani, nene ila jepesi, mkanda wa tumboni ukazwe kidogo kidogo. Matembezi mafupi. Uti wa mgongo usiguswe na kitu kigumu, mzigo ukae kwenye mbavu kulia na kushoto. Ukimaliza nyanyua matandiko uangalie manyoya, pakiwa pamelala vibaya au pana joto sehemu moja hapo ndipo kidonda cha kesho kinapoanzia.

Kosa langu la siku ya kwanza ya Disko kubeba maji, nilimwonea huruma nikajaza madumu nusunusu. Kumbe nusu ndio mbaya, maji yanacheza ndani, yanapiga ngo ngo ubavuni kila hatua, anaogopa anasimama, akisimama maji bado yanatikisika, anaogopa zaidi. Ikabidi nishushe nimwage. Anza na madumu matupu yenye mfuniko, ameshayazoea ni midoli yake, halafu madumu madogo ya lita 10 yaliyojaa mpaka shingoni, hayatikisiki, wiki mbili tatu hivyo, ndio uende kwenye 20.

Sahivi ana miaka mitano. Safari ya kwanza ya madumu mawili kamili nilimpeleka kwa mama mkubwa, alishahamia kwake, kama kilomita moja na nusu kutoka hapa. Tulisimama mara mbili tu njiani, moja kwenye kidimbwi na nyingine sijui aliona nini, tukasubiri, tukaenda. Tukafika akasimama mlangoni kichwa chini ametulia kabisa kama mtu aliyekuja kuposa. Mama mkubwa akanishukuru sana kwa maji, akamsifia punda jinsi alivyokua mpole, yote hayo akiyasema kutoka ndani, mlango ameufungua kiasi cha dumu kupita.